Madaftari 17 Katika Sanduku la Askari

Askari anaporejea kutoka doria hupumzika, lakini si kabla hajatoa taarifa. Mkuu wake haridhiki kujua tu kwamba amerudi salama. Ataka kujua alipita wapi, aliona nini, saa ngapi, na nani alimwambia nini. Polisi naye, hata awe amechoka namna gani, hana budi kufungua kitabu cha matukio na kuandika. Nimeanza na jambo hili kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kambini na wa vituo vya polisi, na kwa kuwa kazi ninayokusudia kuieleza leo yafanana na hiyo. Tofauti ni kwamba taarifa yake huchukua miaka miwili, mitatu, na pengine zaidi, na huandikwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani huku jamaa zake wakiulizana kama hajaugua.

Nasema juu ya kuandika tasnifu ya shahada ya uzamivu, ile impayo mtu udaktari usiokuwa wa dawa, baada ya kurudi kutoka utafiti wa uwandani katika elimu ya anthropolojia. Mimi si mtaalamu wa elimu hiyo. Nina cheti cha ualimu, nilifundisha miaka michache, na sasa ni mtumishi wa serikali hapa Kigali. Lakini kazi hiyo imekaa nyumbani mwangu muda wa mwaka mmoja na nusu, imekula mezani pangu, na kwa ulimi wangu mwenyewe nilikaribia kuiharibu.

KURUDI NA MZIGO

Wifi yangu alirudi Kigali na begi moja la nguo, debe la maharagwe aliyopewa na wenyeji wake, na madaftari 17. Mumewe, ambaye ni mdogo wangu, yuko katika kikosi cha kulinda amani huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba yeye na mtoto wao wa miaka 5 wakae kwangu Kicukiro, ambako kuna chumba cha ziada na meza. Madaftari yale yalihitaji mahali pa kufungiwa. Nyumba ya mtumishi wa serikali haina kasha la chuma. Kilichokuwapo ni sanduku la bati la mdogo wangu, alilolinunua alipoingia jeshini, lenye namba yake ubavuni kwa rangi nyeupe. Tukatoa mablanketi, tukaweka madaftari, tukatia kufuli.

Alikuwa amekaa miezi 14 katika kilima kimoja cha Jimbo la Kusini. Kilima chenyewe sikitaji, na mbele msomaji ataona sababu. Alikwenda kuchunguza ikimina, yaani ule utaratibu wa watu kuchangishana fedha kila juma na kupokezana, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita upatu, na wa Kenya wakasema chama. Kabla ya kwenda alipata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mpango wake ukapitiwa na kamati ya maadili. Kila aliyezungumza naye alielezwa kwanza kwamba yuko huru kukataa, na kwamba jina lake halitaandikwa popote. Hayo ni masharti ya wataalamu, na tangu Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, habari binafsi za mtu zinalindwa pia na sheria ya nchi yetu.

Nilidhani, kama walivyodhani majirani, kwamba kazi imekwisha. Si amerudi? Mama mmoja wa jirani alikuja na chupa ya soda kumpongeza. Wifi akaipokea kwa adabu, akanywa, na mgeni alipoondoka akaniambia, “Wifi, sijaandika hata ukurasa mmoja.”

Utaratibu huu wa kwenda kuishi na watu, kujifunza lugha yao na kuandika kila siku yaliyoonekana, ulipata sifa kubwa kwa kazi ya Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyekaa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu chake Argonauts of the Western Pacific kilitoka mwaka 1922. Ndiye aliyemfundisha Jomo Kenyatta huko London katika miaka ya 1930, na ndiye aliyeandika dibaji ya Facing Mount Kenya, kitabu ambacho Kenyatta alikitoa mwaka 1938 juu ya mila za watu wake Wakikuyu. Basi msomaji asidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu kutazama Waafrika tu. Mapema kabisa Mwafrika aliichukua akaandika habari za kwao.

Malinowski huyo alikuwa na shajara ya siri, ambamo usiku aliandika hasira zake, upweke wake, na maneno mabaya juu ya wenyeji waliompokea. Alifariki mwaka 1942. Mwaka 1967 shajara ikachapishwa kwa idhini ya mjane wake, na heshima yake ikatikisika. Wifi alinisimulia habari hiyo siku ya kwanza tulipolifunga sanduku, kisha akanionyesha daftari la 17, lenye jalada jeusi. “Haya 16 utaweza kunisaidia,” alisema. “Hili ni langu peke yangu.” Sijaligusa hadi leo.

MEZA MOJA, KAZI MBILI

Kazi ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Alikuwa amerekodi mazungumzo ya saa 62, yote kwa Kinyarwanda, na yote yalipaswa kuandikwa neno kwa neno kabla ya kuchambuliwa. Saa moja ya maneno humla mwandishi saa 4 hadi 6, na zaidi iwapo jogoo aliwika, mvua ilipiga mabati, au watu watatu walisema kwa pamoja. Nami, kwa kuwa mwandiko na imla nilivifundisha, nilijitolea kusahihisha. Jioni tuliketi mezani, yeye na kompyuta yake, mimi na karatasi, mtoto akichora upande wa tatu.

Kisha ikaja tafsiri, kwa maana tasnifu yenyewe inaandikwa kwa Kiingereza katika chuo kimoja cha Ulaya. Hapo ndipo nilipoona ugumu ambao sikuutazamia. Chukua neno kwihangana. Kiswahili chaweza kusema kustahimili, ama kujikaza, ama kusubiri. Mukecuru mmoja, yaani bibi kizee, alilitumia neno hilo mara 11 katika mazungumzo ya saa moja. Mara alilitumia juu ya jua kali shambani, mara juu ya marehemu mumewe, mara juu ya jirani, na kila mara lilikuwa na uzito mwingine. Wifi alikaa na neno hilo siku tisa. Mimi nilidhani anapoteza muda, nikamwambia achague lolote apite. Alinijibu kwamba akilichagua lolote, mukecuru yule atakuwa amesema jambo ambalo hakulisema.

Akina mama wa kambini wanajua maana ya nyumba ambayo mume hayupo na mke ana kazi isiyoonekana. Mtu apikaye, chungu chaonekana. Mtu alimaye, shamba laonekana. Huyu aliketi tangu asubuhi hadi saa kumi, na alipoinuka kilichoonekana ni kikombe cha chai kilichopoa. Mama mkwe wake alipiga simu kuuliza kama mtoto anakula vizuri, kwa sauti iliyoonyesha kwamba hilo silo alilotaka kuuliza. Msaidizi wa nyumbani alimwita “mgonjwa” mara mbili mbele yangu. Nami nakiri kwamba katika miezi ya kwanza nilikuwa na swali langu moja nililolirudia kila Ijumaa: utamaliza lini? Siku moja mtoto ndiye aliyenijibu: “Shangazi, usimwulize hivyo, atalia.” Sikuuliza tena. Kama una ndugu wa namna hii nyumbani, mwulize leo ameandika nini, na ukiweza mwachie saa mbili za asubuhi asitumwe sokoni. Mengine hayana msaada.

Tasnifu ya namna hii si kijitabu. Vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, huruhusu maneno 80,000 hadi 100,000. Tena haitoshi kusimulia. Lazima aseme kwa nini jambo liko hivyo, nani kabla yake alilisema, na wapi alikosea. Kisha huja wachunguzi, naye hukaa mbele yao kutetea alichoandika.

Wapo waliofika mbele ya wachunguzi wakakataliwa. Okot p'Bitek wa Gulu, ambaye wengi twamjua kwa mashairi, alisoma anthropolojia Oxford, akawapinga waalimu waliowaita watu wa Afrika washenzi darasani. Tasnifu yake ya udaktari juu ya dini ya Waluo wa Kati haikupita. Mwaka 1971 aliitoa kama kitabu, Religion of the Central Luo, nacho kinasomwa hadi leo. Wengine walipita, lakini kazi ikalala. Mwanahistoria Alison Des Forges aliandika tasnifu yake juu ya enzi ya Mwami Musinga, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1972. Ilitoka kama kitabu mwaka 2011, miaka 39 baadaye, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki katika ajali ya ndege mwaka 2009.

Na wapo walioyapoteza madaftari. Edmund Leach, Mwingereza, alikuwa Burma akichunguza watu wa Kachin vita ya mwaka 1939 ilipozuka; akawa afisa wa jeshi huko huko, na maandishi yake yakapotea vitani. Alipata udaktari mwaka 1947, na kitabu chake mashuhuri kikatoka mwaka 1954. M. N. Srinivas wa India aliishi mwaka 1948 katika kijiji kimoja cha Mysore alichokiita Rampura. Mwaka 1970 alikuwa Stanford, Marekani, akijiandaa kuandika, watu wakatia moto majengo, na nakala zote tatu za maandishi aliyoyachambua miaka mingi zikaungua. Alikaa akakumbuka, akaandika kwa kumbukumbu, na mwaka 1976 akatoa The Remembered Village. Nilipoisikia habari hii nilipendekeza tutoe nakala za madaftari yetu tuziweke ofisini kwangu. Wifi alikataa kabisa. Nakala zake ziko katika kompyuta na mahali pengine, kwa neno la siri. Alisema kwamba moto ni hatari moja, na macho ya watu ni hatari ya pili.

NCHI HII NA VITABU VYAKE

Hofu hiyo niliiona imezidi, mpaka aliponieleza yaliyokwisha kuandikwa juu yetu. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na kituo cha utafiti cha IRSAC huko Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa uko katika wilaya ya Huye. Mbelgiji Jacques Maquet alifanya kazi huko, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu ya mahusiano ya watu katika Rwanda ya zamani. Ni kitabu kilichopangwa vizuri, lakini wengi wa waliomweleza mambo walikuwa watu wa karibu na utawala, nao walieleza nchi kama inavyoonekana kutoka juu. Picha aliyoitoa ilikuwa ya ngazi zisizobadilika, kila mtu na mahali pake tangu kale. Wataalamu wa baadaye, akiwamo Catharine Newbury aliyechunguza Kinyaga na kutoa kitabu mwaka 1988, walionyesha kwamba mambo yalitofautiana mahali na mahali, na kwamba mengi yalikazwa na kugandishwa wakati wa ukoloni. Lakini picha ya kwanza ilikuwa imekwisha kuenea. Mnyarwanda aliyeishi mwaka 1994, au aliyezaliwa na walioishi, hahitaji mimi nimweleze jinsi maandishi na vitambulisho juu ya nani ni nani vilivyotumiwa.

Kuna mfano mwingine ulionigusa zaidi. Katika kasri la zamani kulikuwa na abiru, watu walioihifadhi ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme, kichwani bila kuziandika. Mwaka 1964 wataalamu wawili, d'Hertefelt na Coupez, walizichapisha huko Ubelgiji, kwa Kinyarwanda na tafsiri yake. Bila kitabu kile huenda tungekuwa hatuna kitu, maana ufalme wenyewe ulikuwa umeondolewa. Wakati huo huo, jambo lililolindwa kwa viapo sasa laweza kusomwa na yeyote. Nilimwuliza wifi kama ilikuwa vizuri au vibaya. Alisema Padre Alexis Kagame, aliyepata udaktari wake Rome mwaka 1955 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Wanyarwanda, alitumia maisha yake katikati ya swali hilo, akipokea ya wazee na kuyatia wino. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake. Nadhani hakuwa na jibu, nami nilipenda zaidi hivyo.

KOSA LANGU

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Ilikuwa siku ya Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana ofisini. Tulikuwa wanawake wanne, mazungumzo yakaangukia ibimina, maana mmoja wetu alikuwa amedhulumiwa zamu yake. Kila mmoja akatoa kisa. Nami, kwa tamaa ya kuwa na kisa kizuri kuliko vyote, nikasimulia habari ya mwanachama mmoja niliyemsahihisha juzi yake. Sikutaja jina, kwa sababu hata mimi silijui. Katika karatasi ameandikwa kwa herufi. Sikutaja kilima. Nilitaja umri wake, kazi ya marehemu mumewe, na alichokifanya.

Wawili walisema, “Kumbe!” Wa tatu aliweka kijiko chini. “Huyo namfahamu,” alisema. “Anakaa chini ya nyumba ya shangazi yangu.” Akataja jina la kilima. Ndicho.

Msomaji atanisamehe: sitasema nilichosimulia. Nitasema tu kwamba mukecuru yule alikuwa amemwomba wifi jambo lile lisijulikane kilimani, hasa kwa watu wa ukoo wake mwenyewe, na sababu yake ilikuwa nzito. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe kufika. Nilimweleza wifi jikoni, kabla sijavua koti. Hakunigombeza. Alizima jiko, akaenda chumbani, na nikasikia kufuli la sanduku likifungwa. Tangu usiku huo ufunguo huvaliwa shingoni mwake.

Hakuandika siku mbili. Siku ya tatu alimwandikia msimamizi wake Ulaya na kumweleza yote, nami nikamsikia akisoma jibu kwa sauti ya chini. Aliambiwa afanye mambo mawili: ampe taarifa mwenye habari, na aiondoe habari ile mpaka mwenyewe aamue. Kumbuka kwamba sura ya nne nzima, kurasa 40, ilisimama juu ya habari hiyo, na msimamizi huyo huyo alikuwa amekwisha kuiita moyo wa kitabu. Tena fedha za ufadhili wake zilikuwa zimebaki za miezi mitatu.

Niligundua pia jambo ambalo mwalimu nilipaswa kulijua. Kuficha jina si kumficha mtu. Kilimani, mjane wa fundi seremala mwenye umri fulani ni mmoja tu. Ukiandika “Bibi K.” ukamwacha na useremala wa mumewe na mti wa parachichi mlangoni, umemwandika kwa jina lake kamili.

KILIMANI TENA

Tulipanda basi Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi, wifi na mimi. Nililazimisha kwenda, maana kosa lilikuwa langu. Njiani hatukusema mengi. Tulipofika, mukecuru alikuwa akipura maharagwe. Alifurahi kumwona wifi, akamkumbatia kwa muda mrefu kama ilivyo desturi, kisha akanitazama mimi. Alitupa maziwa ya mgando. Yalitushinda kumezeka, lakini kuyaacha ingekuwa dharau ya pili, tukanywa.

Wifi alianza, nami nikamkatiza nikaeleza mwenyewe. Mukecuru alisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe. Nilipomaliza aliuliza, “Ulimwambia nani?” Nikamtajia. Akafikiri. “Mtoto wa nani?” Nikaeleza kadiri nilivyojua.

“Shangazi yake ana mdomo,” alisema.

“Mama, yule mwenzangu ameniapia kwamba hatamwambia.”

“Amekuapia wewe. Mimi hakuniapia.”

Nikakosa la kusema. Wifi akamweleza kwamba anaweza kuyafuta yote, maneno yake na sauti yake, na kitabu kitaandikwa bila yeye. Akalitoa daftari lile akaliweka miguuni pake, juu ya mkeka. Mukecuru hajui kusoma. Alilifungua, akapitisha kidole juu ya mistari, akauliza yuko wapi humo. Wifi akamwonyesha: kutoka hapa hadi hapa. Zilikuwa kurasa 23. Akashangaa kwamba alisema mengi kiasi hicho.

Alikaa kimya mpaka tukafikiri ametuaga. Kisha akagawa mambo kama agawavyo mtu nyama. Alisema iandikwe kwamba katika ikimina analipa mafungu mawili kila juma, la kwake na la mwanawe ambaye hayupo tena, na kwamba mweka hazina huita jina la kijana yule na wanachama hunyamaza mpaka yeye aitikie kwa niaba yake. Hilo kila mtu pale analijua, na alitaka liandikwe. Alitaka na jina la kijana liandikwe pia. Wifi akasema haiwezekani, kwa maana jina hilo litamtaja na yeye. Walibishana juu ya hilo kwa muda, mukecuru akisema ni mwanawe na jina ni lake kumpa amtakaye. Mwishowe wakakubaliana jina lisiandikwe kitabuni, lakini wifi aliandike katika karatasi ya peke yake na kumwachia pale. Akaliandika kwa herufi kubwa. Mukecuru akaikunja karatasi akaitia ndani ya kitenge.

Ama fungu la pili linakokwenda zamu ya kijana ifikapo, hilo ndilo nililolisema mimi ofisini. Alisema lifutwe, na alitaka kuona likifutwa. Wifi akachukua wembe, akazikata kurasa 9 mbele yake, na mukecuru akazitia mwenyewe chini ya chungu. Haya niliyoyaandika hapa juu ya mafungu mawili nimeyaandika kwa ruhusa yake, tuliyoiomba tena kwa simu ya jirani wiki iliyopita. Ule useremala na parachichi si vya kwake. Nimeviweka mahali pa vingine.

Mwenzangu wa ofisini hajasema neno kwa shangazi yake, kwa kadiri nijuavyo. Hatuketi tena pamoja wakati wa chakula, na si yeye aliyeanza.

Sura ya nne inaandikwa upya. Sasa inahusu daftari la mweka hazina: jinsi majina yanavyopangwa humo, nani huitwa kwanza, na kwa nini jina la asiyekuwapo laweza kubaki katika orodha miaka na miaka bila mtu kulipiga mstari. Msimamizi amesema ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, lakini yatosha. Ufadhili umekwisha, wifi anafundisha saa chache kwa juma, na tasnifu anaiandika kuanzia saa kumi alfajiri hadi mtoto anapoamka. Mimi huandika mahitaji ya sokoni na kwenda mwenyewe. Kusahihisha bado nasahihisha, ila karatasi huja moja moja na hurudishwa kabla ya kulala.

Mdogo wangu amepiga simu kutoka Bangui. Zamu yao inakaribia kwisha, na ameuliza kama sanduku lake liko salama, maana atalihitaji. Wifi amekwisha kununua jingine huko Nyabugogo, la bati vile vile, kubwa kidogo, lenye pete mbili za kufuli.